Kuuza dukani au kuacha mali kauli?

Mchoraji wa Mji Mkongwe, ukienda maduka ya Mtaa wa Gizenga mnapatana bei na unalipwa papo hapo. Lakini picha inatundikwa katikati ya picha tele za mtindo wa Tingatinga, na jina lako halitajwi.

Nyumba ya sanaa huichukua mali kauli: hulipwi mpaka iuzwe, nao hukata kamisheni, pengine hadi nusu ya bei. Hata hivyo mimi naipendelea hii, maana hapo unajulikana. Ila usiingie na furushi kwapani wakati wageni wamejaa. Tuma kwanza picha kumi za kazi zako za mtindo mmoja, uombe miadi. Kisha mwandikiane: idadi, bei, siku ya malipo. Unyevu wa masika huotesha ukungu nyuma ya turubai, basi iandikwe pia nani atabeba hasara hiyo.