VirtualBox kwenye laptopu ya mtumba: ikigoma kupiga Linux, anza kukagua chini

Wakuu habari za saa hizi. Hapa Tanga siku hizi vijana wanaosoma kompyuta ni wengi, wa vyuo, wa ufundi, hata wa sekondari, na karibu wote wanaambiwa kitu kimoja, kajifunzeni Linux, yaani mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta kama ilivyo Windows. Sasa laptopu yenyewe ni moja, ya mtumba, na ndo hiyohiyo ina kazi za chuo na picha za harusi ya dada yake, kwa hiyo mtu anaogopa kufuta Windows na ana haki kabisa ya kuogopa. Nimeona niandike kuhusu VirtualBox kwa sababu hiyo, maana mie ndo programu ninayowawekea watu hapa Ngamiani na naipenda kwa dhati, ila naona wengi wanaiacha njiani kwa sababu ambazo zinatibika.

Kwa asiyeijua, VirtualBox inakutengenezea kompyuta nyingine ndani ya kompyuta yako, yaani mashine pepe, ina diski yake, ina ramu yake, humo ndani unapiga (unainstoli) Ubuntu, ambayo ni aina mojawapo ya Linux, au chochote na Windows yako inabaki palepale. Ni ya bure. Ilianzia Ujerumani kwenye kampuni ya Innotek, 2007 wakaiachia watu na kodi zake (maandishi ya programu yenyewe) wazi, 2008 Sun wakainunua Innotek, 2010 Oracle wakainunua Sun, ndo wanayo mpaka leo. Faili lake la kuinstoli ni dogo, MB mia na ushee, hata bando la siku linatosha.

Naipa nyota nne na nusu kati ya tano, hiyo nusu nitaisema huko mbele.

Sasa tuje kwenye kinachoumiza watu. Mtu anaiweka, anatengeneza mashine pepe, anabonyeza kuwasha, inagoma. Anasema Ubuntu mbovu, anashusha Mint, nayo inagoma, anashusha Debian, nazo ni Linux za aina nyingine, bando limeisha, basi anafuta kila kitu na anaenda kuwaambia wenzie VirtualBox haifai. Kumbe mara nyingi Ubuntu haina kosa na VirtualBox haina kosa, tatizo liko chini yao, kwenye laptopu yenyewe na setingi za Windows. Kwa hiyo mie siku zote nakagua kuanzia chini kwenda juu, BIOS kwanza (setingi za laptopu yenyewe zinazofunguliwa kabla Windows haijawaka), halafu Windows, halafu faili la ISO (lile unaloshusha lenye mfumo wa kuinstoli), halafu ramu na diski, mfumo mgeni, yaani huo Ubuntu wa ndani ya mashine pepe, ndo wa mwisho kabisa kulaumiwa.

BIOS. Prosesa za Intel na AMD zina uwezo maalumu wa kubeba mashine pepe, Intel wanauita VT-x na AMD wanauita AMD-V, upo tangu 2005 na 2006 huko kwa hiyo laptopu yako ya mtumba karibu hakika inao, ila laptopu nyingi zinakuja umezimwa. Na VirtualBox kuanzia toleo la 6.1 haikubali kufanya kazi bila huo uwezo. Dalili zake ni mbili. Ya kwanza, kwenye orodha ya mifumo unaona za biti 32 tu, za biti 64 hazipo, na hii ndo inayochanganya watu zaidi. Kuna binti kutoka Muheza alikuja, "Shikamoo fundi, laptopu yangu haina 64, niibadilishe?" Nikamwambia marahaba, usibadilishe kitu mdogo wangu, laptopu yako ni nzima ina 64 kama kawaida, tatizo ni swichi imezimwa. Dalili ya pili ni ujumbe mrefu wa herufi kubwa ukiwasha, una maneno kama VERR_VMX_MSR_ALL_VMX_DISABLED kwa Intel au VERR_SVM_DISABLED kwa AMD. Ukiona hilo neno la mwisho DISABLED basi usihangaike na kingine chochote.

Kabla hata hujaingia BIOS unaweza kuthibitisha, fungua Task Manager ya Windows, nenda Performance, bonyeza CPU, pale chini kuna mstari umeandikwa Virtualization, utakuambia Enabled au Disabled. Ikiwa Disabled zima laptopu, washa huku unagonga kitufe cha kuingilia BIOS, HP nyingi ni F10, Dell ni F2, ThinkPad ni F1, tafuta Virtualization Technology, kwa AMD mara nyingi imeandikwa SVM, washa, hifadhi (Save) kisha toka. Hapo hujaharibu kitu na hujafuta kitu. Na kwa kweli inaniuma nikisikia mtu ametozwa hela nyingi huko mjini kwa hii kazi na kuambiwa eti kabadilishiwa prosesa.

Imewaka sasa lakini iko polepole kupita kiasi, inachukua nusu saa kufika kwenye ukurasa wa kwanza, au inagandia katikati ya kuinstoli. Hapa ndo pana utamu wenyewe na hapa ndo wengi hawapajui. Windows 10 na 11 nazo zina mitambo yao ya mashine pepe, Hyper-V, inawashwa na vitu vingi bila we kujua, ukiweka WSL2 (Linux ya ndani ya Windows kutoka Microsoft wenyewe) inawaka, ukiweka Docker (programu wanayotumia waandishi wa programu) inawaka, hata ule ulinzi wa Windows unaoitwa Memory integrity nao unaitumia. Ikiwaka inashika ule uwezo wa prosesa kabla ya VirtualBox kuufikia, basi VirtualBox inalazimika kupanda juu ya Hyper-V na kasi inakufa. Angalia pale chini kulia kwenye dirisha la mashine pepe yako kuna vialama vidogovidogo, ukiona kobe wa kijani basi ndo hilo. Ukitaka uhakika zaidi bonyeza kulia kwenye jina la mashine, fungua logi yake, tafuta maneno fall back to NEM, ukiyakuta hakuna ubishi tena.

Dawa yake ni kwenda kwenye Windows Features, toa tiki kwenye Hyper-V, Virtual Machine Platform na Windows Hypervisor Platform, zima Memory integrity iliyoko kwenye Core isolation, halafu fungua Command Prompt kama adimini uandike bcdedit /set hypervisorlaunchtype off, kisha ristati. Lakini jamani nisikilizeni hapa, Memory integrity ni ulinzi wa kweli, unazuia madereva (drivers, programu za kuendesha vifaa) mabaya yasiingie ndani ya Windows, kwa hiyo kama laptopu ndo unafanyia mambo ya benki na unaweka flashi za kila mtu fikiria kabla hujaizima, na kama kazi yako inategemea WSL2 au Docker ujue vitaacha kufanya kazi mpaka urudishe, na kurudisha ni amri ileile ila badala ya off unaandika auto na zile tiki unazirudisha. Mtu anayehitaji WSL2 kila siku mie namwambia abaki nayo tu, hiyo nayo ni Linux.

Faili la ISO sasa, hapa kwetu hili ni donda. Ubuntu 24.04 ya desktopu ni karibu GB 6, kwa bando hiyo ni hela, kwa hiyo watu wanapeana kwa flashi, kitu kizuri sana, lakini flashi nyingi zimefomatiwa FAT32 na FAT32 haibebi faili moja linalozidi GB 4. Windows itakataa na kusema faili ni kubwa mno hata kama flashi ni ya GB 32 na haina kitu. Fomati flashi iwe exFAT, hakikisha umetoa vilivyomo kwanza. La pili ni faili kukatika wakati wa kushusha, mtandao umeyumba usiku, faili linaonekana limekamilika kumbe lina tundu katikati, unapiga Ubuntu inafika sehemu inatoa kosa la kusoma diski au inaganda, na kila ukirudia inaganda palepale. Kukagua ni rahisi, Command Prompt andika certutil -hashfile halafu jina la faili halafu SHA256, itakupa mstari mrefu wa herufi na tarakimu, ulinganishe na ule ulioko kwenye tovuti ya Ubuntu. Herufi moja ikitofautiana faili halifai hata kidogo, usilipatie mtu mwingine.

Ramu. Kwa Ubuntu 24.04 ya desktopu wenyewe wanashauri GB 4 za ramu na GB 25 za diski. Laptopu ya GB 8 unaipa mashine pepe GB 4, mambo yanakwenda. Laptopu ya GB 4 ukimpa mgeni chakula chote mwenyeji atakula nini, Windows inaanza kukosa pumzi na vyote viwili vinaganda, hapo chukua Linux nyepesi kama Lubuntu au Mint ya Xfce uipe GB 2 na uwe na subira. Kile kimstari cha ramu kwenye VirtualBox kina rangi, baki kwenye kijani. Prosesa ipe mbili, moja ni mateso na zote ni kosa. Skrini ikiwa nyeusi baada ya menyu ya kwanza nenda kwenye setingi za Display, grafiksi iwe VMSVGA, ongeza memori ya video ifike 128, na toa tiki ya 3D.

Diski wengi wanaogopa kuandika GB 25 kwa sababu wanadhani zinaliwa palepale, hapana, faili linaanza dogo na linakua kadiri unavyojaza, ila usiandike kubwa kuliko nafasi uliyonayo maana diski ya Windows ikijaa katikati ya kazi mashine pepe inasimama yenyewe na kukusubiri utoe nafasi. Na kama laptopu bado ina diski ya zamani ya kuzunguka nakushauri uweke SSD kabla ya kitu kingine chochote, tofauti yake utaiona mwenyewe.

Hiyo nusu nyota niliyokata ni hapa. Kuanzia 7.0, iliyotoka Oktoba 2022, ukiipa ISO inayoitambua inataka kukuinstolia yenyewe bila kukuuliza, inatengeneza mtumiaji anaitwa vboxuser na paswedi changeme. Wazo si baya kwa mtu mwenye mashine nyingi, lakini kwa mwanafunzi ni mtihani, kwa sababu ukishaingia Ubuntu ukijaribu sudo (amri ya kufanya kazi kama adimini) unaambiwa huyo mtumiaji hayumo kwenye orodha ya sudo, na mtu ndo kwanza anajifunza hajui hata sudo ni nini. Unapotengeneza mashine weka tiki kwenye Skip Unattended Installation, au kama toleo lako linaonyesha Proceed with Unattended Installation toa tiki yake, uinstoli kwa mkono wako hatua kwa hatua, utaelewa zaidi na jina litakuwa lako. Ningependa waifanye hiyo ndo hali ya kawaida.

Mengine ni madogo. Umemaliza kuinstoli, ukiwasha inakurudisha kwenye kuinstoli upya, basi ISO bado imo, nenda Devices, Optical Drives, itoe. Skrini ya mgeni ndogo haijai, weka Guest Additions (programu za nyongeza za VirtualBox zinazowekwa ndani ya mgeni), ila Ubuntu iwe na gcc, make na perl kwanza la sivyo itakataa. Panya (mouse) amenasa humo ndani, bonyeza Ctrl ya kulia. Anayetaka kuweka Windows 11 kama mgeni ajue inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama), ramu GB 4 na diski GB 64, VirtualBox 7 inayo TPM ya kwake kwa hiyo usitumie 6.

Kitu ninachokipenda kuliko vyote ni snapshoti, yaani kuhifadhi hali ya mashine pepe ilivyo ili uweze kuirudia. Ukishapiga Ubuntu ikakaa sawa chukua snapshoti, halafu mwachie mwanafunzi aharibu anavyotaka, afute mafaili ya mfumo, avuruge mtandao, dakika chache unamrudisha mahali palepale alipoanzia. Mtoto anayejifunza bila hofu anajifunza haraka, nimeliona kwa macho yangu. Na kwa betri za mtumba ambazo haziwezi kumaliza hata kipindi kimoja umeme ukikatika, unafunga dirisha unachagua Save the machine state, ukiwasha kesho unaikuta hivyohivyo na kazi yako imefunguka. Joto letu la kuanzia Desemba nalo si la mchezo, laptopu ikibeba mifumo miwili inachemka, iinue chini ipate hewa na safisha feni, msiiweke kitandani.

Kuna wanaoniuliza kuhusu VMware Workstation Pro, programu nyingine ya mashine pepe. Ni nzuri, grafiksi zake ni laini zaidi, na tangu Novemba 2024 ni bure kwa kila mtu, ila kuishusha lazima ufungue akaunti kwa Broadcom, wamiliki wake, na hiyo safari inawachosha wengi. Halafu tatizo la BIOS na la Hyper-V linakufuata hukohuko, kwa hiyo kama VirtualBox imekugomea kwa sababu hizo kuhama hakutakusaidia.

Walio Tanga mjini wanaotaka ISO wasimalize bando, Ubuntu, Mint na Debian ninazo na zote nimeshazikagua kwa SHA256, njoo na flashi ya GB 16 iliyofomatiwa exFAT, na laptopu uje nayo ili tuangalie ule mstari wa Virtualization pamoja kabla hujaondoka.