Masanduku ya M1, M19A1 na M2A1: lipi linunuliwe, na mkanda gani ukae ndani

Kwenye meza za wauza vifaa vya kijeshi, karibu kila sanduku la kijani la risasi kutoka Marekani hutajwa kuwa la Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Mengi si ya vita hiyo. Linalouzwa sana kwa jina hilo ni M19A1, sanduku la baada ya vita lililotengenezwa kwa miongo mingi. Ni sanduku bora kabisa, ila halina mahali kando ya Browning, bunduki ya rashasha ya Marekani, ya mwaka 1944. Hapa masanduku matatu yanapimwa pamoja na mikanda na viungo vyake (vipande vya chuma vinavyounganisha risasi kuwa mkanda), na kigezo ni kimoja: je, kifaa hiki kinakubaliana na bunduki iliyokusudiwa na mwaka wake? Sanduku lenye mikwaruzo likiwa na mkanda wake halisi ndani linashinda sanduku jipya lililojazwa vitu visivyojuana.

Tuanze na M1, kwa sababu ndilo la kununua kwanza. Ni sanduku la chuma la kaliba .30, lililochukua kazi ya kasha la mbao lililotumika tangu Vita Kuu ya Kwanza. Linabeba mkanda mmoja wa pamba wa risasi 250 kwa ajili ya Browning za M1917A1 na M1919A4. Utambulisho wake uko ubavuni: maneno ya kaliba na aina yamegongwa kwenye bati lenyewe, yakavimba kwa nje, pamoja na alama ya bomu linalowaka moto ya idara ya silaha ya jeshi la Marekani. Pitisha kidole juu yake. Kama herufi unazihisi hata chini ya tabaka tatu za rangi, upo mahali pazuri. Kama maneno yote ni ya rangi tu, yaliyopakwa kwa stenseli, huna M1 mkononi, hata muuzaji aseme nini.

M1A1 ni ndugu yake mrefu kidogo. Kimo kiliongezwa ili mkanda wa viungo vya chuma wa risasi 275 uingie, na ule wa pamba wa 250 bado unakaa bila shida. Tofauti hii ya kimo ndiyo inayowachanganya wengi, kwa sababu kwenye picha za matangazo ya mauzo haionekani. Mwombe muuzaji picha ya maandishi ya ubavuni, iliyopigwa karibu na kwa mwanga wa pembeni, kabla ya kulipa. Asiyekubali kupiga picha hiyo, achana naye.

Udhaifu wa M1 uko wazi: kifuniko hakina mpira wa kuziba, kwa hiyo maji na unyevu vinaingia. Ndiyo maana mengi yana kutu sakafuni kwa ndani, kwenye kona ambako maji yalituama. Kutu ya juu juu si tatizo. Tatizo ni vitobo. Lifungie ndani tochi iliyowashwa, zima taa ya chumba, uangalie chini na kwenye kona; mwanga ukipenya, bati limeisha. Kagua pia bawaba. Risasi moja ya kawaida ya .30-06, ile ya kaliba .30 ya Browning hizo, ina uzito wa gramu 27 hivi, hivyo mkanda uliojaa unakaribia kilo 7 kabla hujahesabu sanduku, na uzito huo wote huning'inia kwenye mpini wa kifuniko, bawaba na komeo. Bawaba iliyopinda hufanya kifuniko kikae upande, na komeo halishiki mpaka ulibane kwa nguvu. Kuinyoosha kunawezekana kwa koleo yenye mdomo uliofunikwa kitambaa, taratibu, lakini bawaba iliyokwisha kupasuka haifai kuguswa.

Sasa mkanda wa pamba. Hapa ndipo seti nyingi huharibika, na hapa ndipo pesa yako inapaswa kwenda. Mkanda umefumwa kwa vifuko 250, na kila mwisho una ulimi wa shaba unaopitishwa kwenye njia ya kulishia bunduki. Mkanda usio na ulimi hata mmoja ni mkanda uliokatwa. Hesabu vifuko. Wauzaji hukata mkanda mrefu vipande viwili au vitatu na kuuza kila kipande kama kitu kamili, na kwenye picha mkanda uliokunjwa hauonyeshi hilo.

Kisha pima vifuko kwa risasi ya maonyesho (isiyo na baruti). Pamba iliyolowa ikakauka yenyewe hujikunja, na vifuko hubana hadi risasi haipiti. Pamba iliyoachwa imejazwa miaka mingi hulegea, na risasi inateleza mbele kwa uzito wake. Uliobana unatibika: ingiza risasi ya maonyesho nusu, iache usiku kucha, kisha isogeze hadi mahali pake. Usiulowanishe ili kurahisisha kazi, kwa maana utakapokauka utabana kuliko mwanzo. Uliolegea hautibiki, basi uonyeshe ukiwa mtupu, umekunjwa ndani ya sanduku. Rangi ya kijani-bluu kuzunguka vifuko ni kutu ya shaba kutoka kwenye maganda ya zamani. Ipige mswaki mkavu wa nyuzi laini, nje ya nyumba, ukiwa umevaa barakoa. Mafuta yasiguse pamba kamwe, kwa kuwa hukusanya vumbi na kuacha doa lisilotoka.

Kujaza kwa mkono kunawezekana ila mpangilio huwa wa mawimbi. Mashine ya M1918, ile ya kuzungusha kwa mkono, husukuma kila risasi kina kilekile, na ukiipata ikiwa inazunguka ni kipande cha thamani chenyewe. Inapogoma, mara nyingi sababu ni grisi ya zamani iliyoganda. Fungua, safisha kwa mafuta ya taa, paka mafuta mepesi, usilazimishe mkono. Asiye na mashine atumie ubao ulionyooka: laza mkanda, gusisha ncha zote za risasi kwenye ukingo wa ubao, na ile inayochomoza itajionyesha. Wanajeshi hawakulinganisha ncha kwa ajili ya urembo. Risasi moja iliyokaa mbele au nyuma ya wenzake hukwama kwenye njia ya kulishia, na bunduki husimama.

Kuhusu risasi zenyewe, kila mkanda unaouzwa ukiwa umejaa uchukulie kuwa hai hadi ithibitike vinginevyo. Risasi ya maonyesho haina baruti, na kiwashio chake ama kimekwisha kugongwa ama hakipo. Risasi za mazoezi za M1906 zina mifereji ya urefu kwenye ganda, na hizo zinatambulika kwa kuzitazama tu. Usitoboe risasi usiyoijua ili "kuiua". Mpelekee fundi wa silaha mwenye leseni. Sheria za kumiliki risasi, mikanda na viungo hutofautiana nchi hadi nchi, kwa hiyo ziulize kabla ya kuagiza, hata kwa vitu vitupu. Zile bandia za plastiki hazifai kwa mkanda wa pamba, maana ni nyepesi mno, na mkanda hauning'inii unavyopaswa.

Soma kitako cha ganda. Herufi za kiwanda, kama LC, SL, TW, DEN au FA, zikifuatwa na 42 au 43 (yaani 1942 au 1943), zinakubaliana na sanduku la M1. Ukiona alama ya msalaba ndani ya duara, hiyo ni ya NATO, na risasi ya 7.62×51 ilikubaliwa rasmi mwaka 1954. Kosa la kuiweka kwenye mkanda wa pamba ni rahisi kulifanya, kwa sababu unene wa maganda hayo mawili unakaribiana sana, na risasi ya NATO inaingia vizuri kwenye kifuko cha pamba. Kinachowatofautisha ni urefu: ganda la .30-06 lina milimita 63, la NATO 51. Weka moja ya kila aina kando kwa kando mara moja tu, jicho halitakosea tena.

Viungo vya chuma navyo vina mtego wake. Kiungo cha M1 ni cha .30-06. Kina pete moja upande mmoja na pete mbili upande wa pili. Pete moja huingia katikati ya mbili za jirani, na risasi yenyewe hupita ndani ya zote tatu kama pini ya bawaba. Ukiitoa risasi, mkanda unaachana. Browning hushika ukingo wa kitako cha risasi na kuivuta nyuma itoke kwenye kiungo, ndiyo sababu pete zimefungwa duara. Kiungo cha M13 ni cha 7.62×51, na bunduki yake ya kwanza kubwa ni M60, iliyoingia jeshini mwaka 1957. Hapa risasi husukumwa mbele, si kuvutwa nyuma. Kiungo kipo wazi upande mmoja na kina ulimi mdogo unaonasa kwenye mfereji ulio juu ya kitako cha ganda. Mkanda wa M13 ndani ya sanduku la M1 ni kosa la miaka kumi na zaidi, na wakaguzi wa maonyesho huliona wakiwa bado wamesimama.

Viungo vilivyopinda havina gharama ya kutupa. Pete iliyobanwa kidogo tu hufanya mkanda ujikunje kama nyoka badala ya kulala bapa. Chagua vyenye rangi moja ya kijivu cheusi, na uvitenge na vile vilivyochovywa rangi ya kung'aa kwa ajili ya mapambo ya mikanda ya suruali.

M19A1 inastahili sifa zake. Ina mpira wa kuziba kifuniko, komeo lenye nguvu, na kwa kazi ya kuhifadhia ni bora kuliko M1 kwa mbali. Upakiaji wake wa kawaida ulikuwa risasi 200 za 7.62 kwenye viungo vya M13, mikanda miwili ya 100, kila mmoja kwenye boksi la karatasi ngumu lenye mfuko wa kitambaa wa kubebea begani. Maandishi ya njano ubavuni hutaja idadi, risasi nne za kawaida za M80 kwa moja ya M62 ya kuacha mwanga, na namba ya shehena. Thamani yake kwa mkusanyaji iko kwenye maandishi hayo na kwenye yale maboksi ya karatasi. Sanduku tupu lililopakwa rangi upya ni sanduku la kuwekea misumari. Yale maboksi na mifuko ndivyo vilivyotupwa kwanza vitani, na ndivyo vigumu kupatikana leo. Ukiona seti iliyo kamili, lipia zaidi bila majuto.

Jaribio la mpira wake ni fupi. Fungia kipande cha karatasi kati ya kifuniko na ukingo, kisha kivute. Kikitoka bila upinzani, mpira umebonyea hapo. Rudia kila upande. Kwa uhakika zaidi, zamisha sanduku tupu ndani ya maji na utazame viputo. Ukilihifadhi kwa muda mrefu bila kitu kinachohitaji ulinzi, liache komeo likiwa wazi, kwa sababu mpira unaobanwa miaka mingi hubaki na umbo la mbano huo. Jambo jingine ambalo halisemwi vya kutosha ni kwamba sanduku lisilopitisha hewa hufungia unyevu ndani kama linavyouzuia nje. Mkanda wa pamba wenye unyevu ukifungiwa humo huota ukungu haraka kuliko ukiachwa rafuni. Weka pakiti ya chembe za kunyonya unyevu, na uikaushe au uibadilishe.

M2A1 ni la kaliba .50, pana zaidi, na lilipakiwa risasi 100 kwenye viungo vya M9. Likijaa lina uzito wa kilo 16 hivi, kwa hiyo bawaba ni ya kukaguliwa kabla ya rangi. Kifuniko chake kinatolewa chote: kifungue, kisukume pembeni, kinachomoka. Hii ni faida wakati wa kusafisha na hatari wakati wa kununua, kwa sababu vifuniko hubadilishwa, na sanduku la mwaka mmoja huvaa kifuniko cha mwingine. Linganisha rangi ya ndani ya kifuniko na ya ndani ya mwili. La wakati wa vita ni M2 bila A1, nalo lina maandishi yake yaliyogongwa ubavuni kama M1.

Usisugue rangi ya zamani kwa msasa. Masanduku mengi yalipakwa rangi tena jeshini, na stenseli ya kwanza mara nyingine bado ipo chini. Kwangua kwa ubapa wa mbao, sehemu ndogo kwanza, na uchukulie kuwa rangi ya enzi hizo ina madini ya risasi yenye sumu: barakoa, glavu, na vumbi lifutwe kwa kitambaa kibichi. Kusafisha kwa kupulizia mchanga kunaua sanduku moja kwa moja.

Mwisho ni viungo vya .50, kwa sababu hapo pesa hupotea kimyakimya. Kiungo cha M2 ni cha wakati wa vita, M9 ndicho kilichokirithi, na vyote viwili ni vya Browning M2, ambayo huvuta risasi nyuma. Kiungo cha M15 kilitengenezwa kwa M85, bunduki ya vifaru inayosukuma mbele. Huuzwa kwa bei nafuu, mara nyingi kwa jina la "viungo vya .50" bila namba yoyote. Dai namba ya aina kwenye risiti. Ukishavipata vya M9, upange mkanda ili mwisho wenye pete mbili uwe ndio unaotangulia kuingia kwenye bunduki. Mkanda uliogeuzwa hutambulika hata kwenye picha.