Seti ya kukagulia sarafu zenye makosa: kipi ununue, kipi uwache

Assalaam alaykum jamani, karibuni tena. Leo sina simu wala spika, leo nina hichi kimkoba hapa, seti ya kukagulia sarafu, ndani mna lenzi ya sonara, mizani ya dijitali ya mfukoni na kisumaku kimoja. Nimeiagiza mtandaoni, ikavuka na boti kutoka Dar, yote pamoja haijafika elfu arubaini, na walionifanya niinunue ni nyie wenyewe mana kila siku natumiwa picha WhatsApp, "yakhe hii mia mbili ina kosa la kiwandani, nimeambiwa laki tano hii", ukiitazama vizuri imepigwa nyundo basi.

Tuwekane sawa kwanza. Sarafu inatengenezwa hivi, kisahani kitupu cha chuma kinaingia baina ya mihuri miwili, mmoja wa mbele mmoja wa nyuma, pembeni kuna pete ya chuma imekizunguka kisitanuke, kinagongwa kwa nguvu, kimetoka. Kosa wanalolilipia wakusanya sarafu ni lile lililotokea mle ndani ya mashine au kabla: kisahani kimekatwa pungufu, kimekaa upande, muhuri umepasuka, pete haikukaa mahala pake. Yaliyotokea baadae, imekanyagwa na gari, imechezewa na fundi, imelala baharini, hayo hayana bei. Hivi vifaa vyote kazi yao moja tu, kukujibu hii ni mashine au ni mtu.

Haya lenzi. Ubavuni wameandika inakuza mara 30, uongo huo. Nimeilinganisha na ya sonara mmoja pale Mkunazini, yake ya mara 10 ya kweli, na hii yangu ni sawa na ile au chini yake kidogo. Lakini msikasirike, mara 10 ndo inayotumiwa na watu wa sarafu dunia nzima, ukizidisha sana unaona kipande cha sikio la Mzee Karume tu hujui uko wapi. Kioo chenyewe katikati safi, pembeni kuna ukungu. Kitaa chake kizime! Kinamulika kutoka juu moja kwa moja, chuma kinang'aa, unaanza kuona herufi mbilimbili ambazo hazipo. Kaa dirishani mwanga uje wa upande, lenzi iweke karibu na jicho kabisa, halafu sarafu ndo uisogeze, watu wengi wanafanya kinyume chake.

Na hapo kwenye herufi mbilimbili ndo wanapoliwa wengi. Tazama hii, nasogeza kamera... unaiona hii tarehe ina kivuli? Kile kivuli kipo chini, kimelala bapa kama rafu, na herufi yenyewe imekuwa nyembamba. Hiyo muhuri ulitikisika wakati unagonga, inatokea sana, haina thamani ya maana. Ile yenye pesa ni pale muhuri wenyewe ulipochongwa na picha mbili, kwa hiyo herufi zote mbili zimeinuka, zina mviringo, na mara nyingi kwenye ncha unaona mpasuko kabisa baina yao. Ile senti ya Marekani ya 1955 ndo mfano wake mkubwa, ile hata lenzi huhitaji, unaona kwa macho maneno yote ya upande wa kichwa yamejirudia.

Mizani sasa, na hapa ndo pesa yangu imefanya kazi. Inasoma mpaka nukta mbili za gramu. Mia tano yetu hii ya nyati iliyoanza 2014 uzito wake ni gramu 9.5, upana milimita 27.5, basi ukipata mizani yako pima mia tano kadhaa safi kwanza uone inakwambia nini, mana seti haiji na jiwe la kupimia. Sasa akuletee mtu sarafu imemeguka pembeni akwambie kisahani kilikatwa vibaya. Uzito lazima upungue, sawa, lakini hata aliyekata kwa tupa nyumbani kwake uzito utapungua. Kwa hiyo tazama ukingo wa ng'ambo ya pili, ule unaoelekeana na pengo. Kama kisahani kilikuwa na pengo kabla ya kugongwa, mara nyingi ukingo wa upande ule unakuwa dhaifu, umefifia, mana chuma hakikubanwa sawasawa. Ukiukuta ukingo mzima mkali kama wa sarafu nyengine, na kwenye pengo mna mikwaruzo inayokwenda upande mmoja, mwambie asante ami.

Sumaku sina mengi. Mia tano ni chuma kilichopakwa nikeli kwa hiyo inanata, isiyonata iulizie. Lakini kwa sumaku usitoe pesa, vunja spika mbovu utaipata kubwa zaidi.

Kuna jamaa anauza mia tano "yenye maandishi yanayopotea", eti kosa, ukiigeuza inasoma 500 ukiigeuza tena inasoma BOT, yaani Benki Kuu ya Tanzania. Yakhe hiyo ni alama ya usalama, imewekwa kusudi, ipo kwenye mia tano zote! Toa yako mfukoni uangalie. Na zile zenye vijipu kama malengelenge, ni upako umeinuka juu ya chuma, kweli linatokea kiwandani lakini ni la kawaida mno, usilipe zaidi ya thamani yake.

Mie napenda zaidi za zamani, na huku kwetu majumbani zimejaa. Hii hapa pesa ya shaba ya Sayyid Barghash, sultani wa Zanzibar, ile yenye picha ya mizani, 1299 Hijria, ndo 1882 hiyo. Imekula kutu ya kijani ya chumvi mpaka herufi zimevimba, si kosa. Hii nyengine senti kumi ya Afrika Mashariki, ya tundu. Ikiwa tundu limekwenda upande, au halipo kabisa, hapo changamka, na mizani itakusaidia mana isiyo na tundu lazima iwe nzito zaidi. Lakini tundu la pili hili hapa juu karibu na ukingo, tazama kwa lenzi, chuma kimesukumwa kikatoka midomo midomo upande wa nyuma, hilo katoboa mtu apate kumvalisha mtoto shingoni. Na zile za kale kabisa, kama zilizofukuliwa Mtambwe Mkuu kule Pemba 1984, zaidi ya 2,000 za fedha, zile ziligongwa kwa mkono moja moja, picha kukaa upande ndo kawaida yake, usiniletee habari za makosa pale.

Tena nakuombeni, msizisugue kwa limau wala ukwaju! Ukishaing'arisha umeiua bei, kosa liwepo lisiwepo.

Basi: mizani chukua kwa macho yaliyofumba, lenzi chukua peke yake bila seti utaipata rahisi, ile darubini ya kuchomeka kwenye kompyuta mnayoniulizia sijaona haja yake kwa anayeanza. Na anayetaka nimkagulie sarafu yake anitumie picha pande zote mbili, na ya ukingo, mwanga wa dirishani, na aniandikie uzito. Bila uzito sijibu.