NVDA: ni ya bure ila imeniumbua
Kazi yangu ni kuandaa masomo ya mtandaoni, mwaka wa nne huu, na nilikuwa najiona fundi kweli mpaka nilipodaunlodi NVDA. Ni programu ya Windows inayowasomea wasioona skrini kwa sauti, aliianzisha Mwaustralia Michael Curran mwaka 2006, kisha mwenzake James Teh akajiunga naye, wote hawaoni, na mpaka leo hulipi hata mia.

Basi nikazima skrini nikafungua somo langu mwenyewe la usalama kazini. Weee! Picha zinasomwa majina ya mafaili, IMG 2043 sijui jpg, vitufe vyote ni "batani, batani, batani", ipi ya kwenda mbele ipi ya kurudi hujui, na lile zoezi la kuburuta majibu kwa mausi ndo kabisaaa, nimebonyeza Tab mpaka kidole kikauma nikakwama slaidi ya tatu. Na somo hilohilo nilipewa hongera nalo!

Sauti ya Kiswahili ipo, ya eSpeak (programu ya kutamka maandishi iliyomo humohumo), kiroboti kidogo ila inaeleweka ukizoea. Wiki ya kwanza utachanganyikiwa na vitufe vya kibodi, we anza na H inayokurusha kutoka kichwa cha habari hadi kingine, halafu Insert na F7 kwa pamoja, inakuletea orodha ya linki zote. Zangu kumi na moja, zote zinasema "bofya hapa". Nilicheka peke yangu.

Kwa kukagua maandishi yenye rangi iliyofifia haikusaidii, tafuta kitu kingine. Nyota nne na nusu.