Sheria ya Bunge na kanuni za waziri: tofauti iko wapi?

Zote mbili zinamfunga raia, na kuvunja yoyote kati yake kunaweza kukuletea faini. Ila hazizaliwi mahali pamoja.

Katika mabunge yenye mtindo wa Uingereza, sheria ya Bunge huanza kama muswada. Husomwa mara ya kwanza kwa jina tu. Mara ya pili hujadiliwa misingi yake. Kamati huuchambua kifungu kwa kifungu. Kisha husomwa mara ya tatu na kupelekwa kwa mkuu wa nchi kuidhinishwa. Ni kazi ya miezi, wakati mwingine miaka.

Kanuni hazipiti huko. Waziri huzitunga kwa mamlaka aliyopewa na kifungu fulani cha sheria mama, yaani sheria ya Bunge inayompa mamlaka hayo, huzitia saini, kisha huchapishwa katika Gazeti la Serikali, chapisho rasmi la matangazo ya kisheria. Ndiyo maana ada, fomu na vipimo huwekwa humo: kupandisha ada ya leseni hakuhitaji muswada mpya.

Wepesi huo una mtego wake. Waziri aliyeruhusiwa kupanga ada tu, akibuni kosa jipya la jinai, amevuka mpaka, na mahakama inaweza kuibatilisha kanuni hiyo. Sheria mama nayo ikifutwa, kanuni zake kwa kawaida huanguka pamoja nayo, isipokuwa kifungu cha mpito kimezinusuru.

Ukishika kanuni mkononi, anza na mstari wa juu unaotaja kifungu kilichoipa nguvu. Wengi huuruka, ilhali wakili anayetaka kuipinga huanzia hapo hapo.