Mshauri nasaha au msimamizi aliyefunzwa: hoteli ya Malindi ianzie wapi?

Hoteli ya Malindi inayotaka kulinda afya ya akili ya wafanyakazi wake inaweza kumlipa mshauri nasaha afike mara moja kwa wiki, au kuwafunza wasimamizi namna ya kumtambua na kumsikiliza aliyelemewa. Mshauri ana ujuzi na hutunza siri, lakini mji ni mdogo; mhudumu akionekana akibisha mlango ule, kabla ya magharibi jikoni wameshajua. Msimamizi yupo kila siku, naye ndiye anayepanga zamu, na hapo ndipo penye uzito: mwezi wa Mei, mvua za masika zikiwa zimewaondoa watalii na mikataba ya msimu imekatika, kinachomkosesha mtu usingizi ni kutojua kama Julai ataitwa tena, jambo ambalo mshauri hawezi kulibadilisha. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2022 unapendekeza mafunzo hayo ya wasimamizi. Hata hivyo, msimamizi si tabibu, na wengine, tuseme kweli, ndio chanzo cha dhiki yenyewe. Mimi ningeanza na wasimamizi, kisha mshauri apatikane kwa simu, mbali na lango la hoteli.