Komiki za supahiro zinazomkumbuka mpita njia: uanze kununua ipi

Kwenye komiki nyingi za supahiro jengo likianguka ndo limeanguka, ukigeuza ukurasa jamaa wameshahamia kwenye ngumi nyingine na hakuna anayeuliza nani alikuwa ghorofa ya tatu anachemsha chai. Ila kuna waandishi wachache walioamua kukaa na huyo wa ghorofa ya tatu, na hao ndo nakushauri uweke hela yako. Ile methali ya tembo na nyasi si unaijua, humu nyasi ndo zinasimulia.

Nimezipanga kwa kigezo kimoja tu, huyo mtu wa kawaida anabaki kuwa mtu mpaka stori inaisha au ametolewa kafara ili shujaa apate hasira? Umaarufu wa jina nimeuweka pembeni, ndo maana Civil War utaikuta huko chini na najua kuna watu watanuna.

Namba moja: Marvels. Hii kwangu haina mjadala. Ilitoka 1994, matoleo manne tu, kaandika Kurt Busiek kachora Alex Ross, na yote manne yamekusanywa kwenye kitabu kimoja kwa hiyo unanunua mara moja umemaliza. Anayesimulia ni Phil Sheldon, mpiga picha wa magazeti New York, hana nguvu yoyote zaidi ya kamera. Mwanzoni huko Namor, yule mfalme wa baharini, na Human Torch, yule wa moto, wanazichapa katikati ya jiji, kipande cha kifusi kinaruka, kinampata Phil usoni, jicho limekwenda. Hakuna aliyemlenga na wale wawili hawajui hata kama duniani kuna mtu anaitwa Phil. Na bado anawapenda aisee! Halafu toleo la pili, watu wa mtaani wamepandwa na hasira dhidi ya mutanti, yaani watu waliozaliwa na nguvu zisizo za kawaida, na huyu huyu Phil aliyepoteza jicho kwa kifusi anaokota tofali anawarushia X-Men, kundi la mashujaa mutanti, linampata mmoja wao, Iceman. Ukurasa huo niliusoma nikarudi nyuma kuuangalia tena, maana mpaka hapo nilikuwa upande wake kabisa. Toleo la mwisho linakupeleka kwenye kifo cha Gwen Stacy, mpenzi wa Spider-Man, kile cha mwaka 1973, ila safari hii unakitazama ukiwa chini na wananchi, unaona kinachotokea na huna la kufanya.

Hii nunua ya karatasi, nasisitiza. Ross amepaka rangi ukurasa mzima kama picha ya ukutani, nyuso za watu kwenye umati kila moja ina lake, na kwenye simu nusu ya hivyo vitu huvioni.

Namba mbili: Astro City, Busiek tena, mchoraji Brent Anderson, majalada ya Ross, ilianza 1995. Humu jiji zima ni la kubuni kwa hiyo huhitaji kujua historia ya miaka sitini ya mtu yeyote, na kwa mgeni hilo ni jambo kubwa. Tatizo juzuu ni nyingi na ukisema ununue zote utafilisika, kwa hiyo kama ni moja tu chukua Confession, sababu ndani yake kuna hadithi fupi ya 1996 inaitwa The Nearness of You. Kuna bwana mmoja, Michael, kila usiku anaota mwanamke mmoja, anamjua kila kitu chake na hajawahi kukutana naye. Anadhani anarukwa na akili. Kumbe ni mkewe. Kulikuwa na vita vya mashujaa vilivyovuruga muda wenyewe, wakapambana wakashinda, dunia ikarudishwa ilivyokuwa, ila haikurudi sawasawa, na huyo mama kwenye dunia mpya hajawahi kuzaliwa. Yaani hakuna kaburi wala picha, hata wa kumpa pole jamaa hakuna maana hakuna anayejua amefiwa. Mwishoni anapewa nafasi ya kuchagua asahau au aendelee kukumbuka, na jibu lake sikupi, nenda kanunue. Ukiipenda ndo utafute The Dark Age, matoleo 16, ndugu wawili waliopoteza wazazi wao kwenye purukushani za namna hiyo, ndefu na kuna sehemu inachosha kidogo lakini inalipa.

Namba tatu ni Damage Control na hii ni ya kucheka. Dwayne McDuffie na Ernie Colón, 1989, kampuni ya kuzoa vifusi na kujenga upya baada ya mapigano, wana ofisi, wana ankara, wana wateja wanaochelewa kulipa. Wamiliki wa mwanzo ni Tony Stark, yaani Iron Man, na Wilson Fisk, bosi wa wahalifu, shujaa na jambazi kwenye biashara moja, na ukifikiria vizuri wote wawili ndo wanaosababisha kazi ipatikane. Mchoro umezeeka. Kama una mdogo wako anayeanza kusoma komiki mpe hii.

Inayofuata Gotham Central, matoleo 40, 2003 mpaka 2006, Ed Brubaker na Greg Rucka. Hawa ni polisi wa Gotham, jiji la Batman, na Batman mwenyewe anapita tu kama kivuli. Kitu kidogo nilichokipenda: kisheria polisi hawatakiwi kuonekana wanamtambua Batman, kwa hiyo swichi ya ile taa ya juu ya paa ya kumwita anaiwasha dada wa mapokezi, mfanyakazi wa muda. Imeshuka mpaka hapa kwa sababu moja tu, polisi wana bunduki na redio, sio wapita njia hasa.

Civil War sasa, 2006, Mark Millar na Steve McNiven. Inaanza na mlipuko wa Stamford, Connecticut, mashujaa wakipambana na jambazi, mamia wamekufa wakiwemo watoto wa shule, mama mmoja aliyefiwa na mwanawe anamtemea mate Tony Stark. Baada ya hapo vitabu vizima ni mashujaa wenyewe kwa wenyewe, wananchi wanasahaulika mpaka toleo la saba ambapo wazima moto na watu wa ambulensi wanamrukia Captain America na kumkandamiza chini. Nzuri hiyo, lakini umengoja sana. Kama lazima, kaisome pamoja na Front Line, ile ya waandishi wa habari.

Ya mwisho The Boys. Mwanzo wake unaumiza kweli, Hughie, kijana wa kawaida, ameshika mikono ya mpenzi wake, pigano la mashujaa linampitia huyo binti na ghafla Hughie amebaki na mikono tu. Halafu inageuka kuwa mashindano ya uchafu, na huyo binti anabaki kuwa sababu ya kisasi. Watu wazima tu, usiiache sebuleni.

Kuhusu kununua: usihangaike na matoleo moja moja, tafuta vitabu vilivyokusanya, na yale madude mazito ya jalada gumu yaache kama unaagiza nje, usafirishaji unaenda kwa kilo na nauli ya mzigo inaweza kuzidi bei ya kitabu. Gotham Central na Civil War hata dijitali zinasomeka vizuri. Ukipata Marvels ya mtumba fungua kurasa zote kabla ya kulipa, uangalie gundi ya mgongoni kama bado imeshika na hakuna picha iliyochanwa.